Punje ya Pili

Jumanne ya pili ya mwezi Mei, saa nne na robo asubuhi, Jovitus Mwebesa alikaa barazani kwake Nyakatuntu, Kyerwa, akatia saini karatasi iliyosema kwamba yeye hayupo.

Karatasi haikusema hivyo waziwazi. Karatasi za aina ile hazina tabia hiyo. Ilisema: "Nathibitisha kwamba, kwa ujuzi wangu wa eneo la mradi, hakuna mtaalamu mwingine mwenye uwezo wa kufanya kazi hii isipokuwa Kampuni ya Boriti Saba." Chini yake kulikuwa na mstari wa jina, mstari wa cheo na mstari wa saini. Jovitus aliandika jina kwa herufi kubwa, akaandika Fundi Sanifu Daraja la Kwanza, akasaini kwa ule mkia mrefu aliojifunza chuoni miaka thelathini na tano iliyopita. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bendeji, na ndiyo sababu siku ile hakuwa kazini.

Aliyeileta karatasi alikuwa Injinia Benjamin, mkurugenzi wa Boriti Saba, mtu wa miaka arobaini na kidogo, mnene kiasi, mwenye adabu nyingi. Alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi, hata kwa miaka miwili. Viatu alivivua ngazini bila kuambiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi. Juu ya kilima cha Nyamiyaga, kilichosimama nyuma ya nyumba ya Jovitus, ungesimamishwa mnara wa kutazama mpaka, na ili mnara usimame zilihitajika huduma za kihandisi: upimaji, michoro, barabara ya kupandia, na ukuta wa kuzuia udongo upande wa mashariki, juu kidogo ya vibanja, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu. Mradi ulikuwa siri. Mnara ungeonekana kutoka Isingiro, lakini ulikuwa siri, na watu wa Nyakatuntu, ambao ni watu waungwana, walikubaliana kutouona.

Kazi ya kawaida hushindaniwa na kampuni tatu, nne, tano. Kazi ya siri anaweza kupewa mmoja bila kushindana na yeyote, mradi ithibitishwe kwamba yuko peke yake. Uthibitisho hutolewa na fundi anayelijua eneo. Katika karakana ya barabara pale Isingiro mafundi wanaoijua Nyamiyaga walikuwa wawili, Jovitus na Nolasco Rugemalira, waliokaa meza moja, uso kwa uso, tangu wakiwa vijana. Nolasco ndiye aliyeletewa karatasi kwanza. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Sasa sisi wawili tuliokaa hapa ni nini?" Akairudisha vilevile ilivyokuja. Kwa hiyo ikalifuata goti la Jovitus nyumbani.

Jovitus alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Hakupewa bahasha wala hakutishwa, na lazima hilo lisemwe. Alikuwa tu amechoka kubishana na watu wanaokuja na gari. Hata hivyo hakusaini kama kipofu. Yeye na Nolasco walikipima kilima kile na kuchora ukuta wa mashariki miaka kumi na tisa nyuma, kwa ajili ya mradi wa maji ambao haukuja, na walijua kwamba Nyamiyaga hunywa mvua ya masika na ya vuli na kuihifadhi tumboni. Ukuta utakaowekwa pale bila njia ya maji utasukumwa.

"Nikisaini, utaweka matundu ya kutolea maji?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Mzee wangu, hilo ni dogo mno. Nakuahidi."

Jovitus alisaini, kisha akamwita mkewe Agnetha alete kahawa.

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa kahawa haikuanzia kwenye kikombe. Inatafunwa. Tunda huchumwa halijaiva, huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, huanikwa, kisha hutiwa ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko cha kuchongoka, na mgeni akifika hiyo ndiyo salamu ya pili. Ndani ya kila tunda mna punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Kama ni salamu tu, mgeni hutafuna apendavyo. Lakini kama pana ahadi imesemwa, tunda huwa moja. Mgeni hulipasua, hutwaa punje yake, na ya pili humwekea mwenyeji kiganjani. Zamani watu walichanjiana damu kwa punje hizo wakawa ndugu mpaka kaburini. Siku hizi damu imeachwa, lakini neno bado hufungwa hivyo, na hakuna anayekumbuka kumweleza mgeni, maana kila mtu hudhani jambo hilo linajulikana dunia nzima.

Jovitus alichagua tunda moja zuri, akampa Benjamin, akanyoosha kiganja.

Benjamin alilipasua. "Kumbe ni kama karanga," alisema, akatia punje zote mbili mdomoni.

Kiganja cha Jovitus kilibaki wazi juu ya goti lenye bendeji. Agnetha, aliyesimama mlangoni na kikapu, aliona. Ilitosha mmoja wao aseme, "Hapana, baba, moja ni yetu," na Benjamin angeona haya, angecheka, angepewa tunda jingine, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kumsahihisha mgeni akiwa anatafuna ni aibu ambayo mtu aliyelelewa vizuri pale hawezi kuibeba. Benjamin alisifu kahawa, akavaa viatu, akaenda na karatasi yake. Jovitus alifunga kiganja kitupu taratibu, akakitia mfukoni.

Asubuhi yake Agnetha alitoka na kikapu, akakiweka mezani.

"Baba Kemi, kahawa imepungua."

"Imeisha?"

"Haijaisha. Imepungua ndani."

Alipasua tunda, akamwonyesha punje moja ya mviringo iliyolala katikati. Akapasua la pili na la tatu. Walipofika la ishirini waliacha. Jovitus alitoka kibanjani akachuma mbichi mtini, akazibonyeza kwa kidole, na kila tunda likatoa punje moja. Mavuno yalipofika, karani wa chama cha msingi cha wakulima alipasua matunda machache mbele ya foleni, akasema kahawa ya punje moja si ngeni, kila mti huwa nayo kidogo, ila mwaka huu Nyakatuntu imezidisha. Akaandika hivyo na kuita mwingine.

Siku hizohizo mambo mengine yaliyozoea kuwa mawili yalianza kuwa moja. Kule bondeni waliishi korongo wenye taji, dume na jike, ambao hawajapata kuonekana mmoja bila mwenzake. Sasa alitembea mmoja, na akiinama kula aliacha nafasi ubavuni. Mbuzi waliozoea kuzaa mapacha walizaa mmoja. Mzee Rwegoshora, jirani wa upande wa juu, alinunua kandambili mnadani, akafika nyumbani na ya kushoto tu, akaivaa. Watu waliacha kusema kidole kimoja hakivunji chawa, kwa kuwa ilionekana kama kusengenya.

Yote haya yalitokea ndani ya mipaka ya mradi. Boriti Saba walikuwa wamechimbia mawe ya saruji yenye namba nyekundu, yale yanayoitwa bikoni, kuzunguka kilele. Hapo mwanzo yalikuwa kumi na mawili, na yalikuwa juu. Mwishoni mwa Mei yalionekana katikati ya mteremko. Wiki ya kwanza ya Juni moja lilikutwa nyuma ya choo cha Rwegoshora, na wiki ya pili jingine likawa kati ya jiko la Agnetha na banda la ng'ombe. Hakuna aliyemwona mtu akiyahamisha. Nyasi zilizozunguka kila jiwe zilikuwa ndefu na tulivu, kana kwamba jiwe limezeekea hapo. Agnetha alilianikia vitambaa vya jikoni.

Mpaka hapo Jovitus aliweza kuvumilia. Mtu anaweza kuishi na kandambili moja. Alichoshindwa kukivumilia kilikuwa kwenye kadi ya kliniki ya binti yake.

Kemigisha alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliolewa na Mucyo, kijana wa wafugaji, na kwa kuwa Mucyo alikuwa amehamia na ng'ombe kwenye nyika za mbali kutafuta malisho, yeye alirudi kwa wazazi angojee kujifungua. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mwezi Aprili alipigwa utrasaundi, na kwenye kadi muuguzi aliandika neno "mapacha" akalipigia mstari chini kwa wino wa bluu. Nyumba nzima ilifurahi. Majina hayakujadiliwa, maana mapacha huja nayo: wakiwa wa kiume, atakayetangulia ni Ishengoma, atakayefuata ni Kato. Agnetha alikuwa ameshasuka vikapu viwili vya kulazia.

Siku bikoni ilipokutwa karibu na jiko, Agnetha aliingia ndani, akavikuta vikapu viwili vimekuwa kimoja. Hakupiga kelele. Alimfuata mumewe barazani.

"Huyo mgeni wako arudishe punje moja," alisema. "Moja tu. Kwa mkono wake mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Usimwambie. Mwombe. Mimi naogopa, Baba Kemi."

Kesho yake Jovitus alichukua fimbo, akatia matunda matatu ya kahawa mfukoni, akapanda Nyamiyaga. Ofisi ya Boriti Saba ilikuwa kontena la bluu lenye kiyoyozi. Benjamin alisimama alipomwona, akamwamkia, akamvutia kiti. Jovitus alieleza yote kwa mpangilio, kama anavyoeleza fundi: tunda, punje, kiganja, kahawa ya shambani, korongo, vikapu, mimba. Benjamin hakushangaa wala hakucheka. Aliandika vidokezo.

"Pole sana, Mzee wangu. Sikujua kabisa. Sasa unataka nifanye nini?"

"Unipe punje moja. Nimekuja na matunda, yako hapa. Pasua, unipe."

Benjamin alitazama matunda juu ya meza bila kuyagusa. Uso wake ulionyesha huruma ya kweli.

"Ningekupa hata gunia. Lakini wewe ni mtumishi wa umma, na tena ndiye uliyetusainia. Sera yetu ya maadili hairuhusu kumpa mtumishi wa umma kitu chochote." Alionyesha ukutani, ambako sera ilikuwa ndani ya fremu. "Hata soda."

"Punje ya kahawa?"

"Hasa punje, Mzee. Rushwa zote huanzia kwenye vitu vidogo."

"Basi mpe mke wangu."

"Mke wa mtumishi yumo kwenye kifungu cha nne."

Kiyoyozi kilivuma. Jovitus alirudisha matunda mfukoni, na hapo macho yakamwangukia mchoro uliotandazwa mezani. Pembeni palikuwa na muhuri wa Boriti Saba. Katikati palikuwa na mwandiko wake. Mistari ya mwinuko ilikuwa ile aliyoichora yeye miaka kumi na tisa iliyopita, Nolasco akimshikia futi. Duara la kikombe alichowahi kukiweka juu ya karatasi lilikuwapo, na kando ya njia yalikuwapo maneno aliyoyaandika kwa utani: "jiwe ambapo Rwegoshora hupumzika akichoka." Kwenye ukuta wa mashariki, pale alipochora matundu ya kutolea maji, palikuwa na madoa meupe ya ufutio, yamejipanga kama vishikizo.

"Matundu yameondolewa," alisema.

"Washauri waliyapitia. Waliona ukuta wa ulinzi wenye matundu unaleta maswali. Ulinzi gani huo?"

"Lakini mchoro huu ni wangu."

Benjamin alimtazama kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mzee alikoiweka miwani yake. "Hauwezi kuwa wako, Mzee wangu. Umethibitisha mwenyewe kwamba hakuna mwingine."

Jovitus alishuka kilima kwa shida, goti likimuuma. Njiani alipita kwenye jiwe la Rwegoshora akakaa. Alijionea aibu, na aibu ile ilikuwa na uzito wa debe la maji kichwani. Alikaa mpaka akaona la kufanya, na lilikuwa jambo rahisi. Aliyesema hakuna mwingine anaweza kusema yupo.

Ijumaa alirudi kazini Isingiro. Langoni mwa karakana, kando ya pipa la lami, kulikuwa na bikoni namba saba. Mlinzi alikuwa ameikalia anakunywa uji. Nolasco alikuwa mezani. Jovitus alimwambia yote, na Nolasco hakumwuliza kwa nini alisaini, jambo ambalo Jovitus alilishukuru kuliko msamaha.

"Tunaandika barua," Nolasco alisema. "Fupi. Tupo wawili, kilima tunakijua, mchoro ni wetu, ukuta utaanguka. Tunasaini wote, nakala kwa kila mtu."

Aliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Alisaini, akaisukuma upande wa pili wa meza. Jovitus alishika kalamu. Kisha, na hili ndilo alilokuja kulirudia kichwani kila siku, hakusaini papo hapo. Aliwaza miezi yake saba iliyobaki. Aliwaza neno siri na watu wanaokuja na gari. Akasema, "Ngoja niisome tena."

Akasoma mpaka mwisho. Alipoinua macho kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Kikombe cha chai kilikuwa bado kinatoa moshi, na baada ya muda mfupi nacho hakikuwepo. Sasa meza ilikuwa na droo upande mmoja tu. Kwenye barua, maneno yote yalibaki, lakini saini ya Nolasco ilikuwa imeondoka kwa utaratibu, mkia kwanza. Jovitus alisaini haraka, lakini barua inayosema tupo wawili ikiwa na saini ya mtu mmoja haina nguvu yoyote, na yeye kama mtumishi wa miaka mingi alilijua hilo. Aliikunja akaitia mfuko wa shati.

Alifungua daftari la mahudhurio. Kila siku, ukurasa baada ya ukurasa, lilikuwa jina lake peke yake.

"Nolasco ameenda wapi?" alimwuliza mlinzi langoni. "Amepita hapa?"

"Mzee, shikamoo," alisema mlinzi, akijifuta uji mdomoni. "Hapa siku zote umekuwa wewe tu. Ndiyo maana tunakuonea huruma."

Mke wa Nolasco alikuwa mjane wa siku nyingi. Majirani walisema hivyo na mwenyewe alikubali. Ila kila Jumamosi aliendelea kufua shati moja la mikono mirefu ambalo hakujua ni la nani, akalitia chumvi ili rangi isitoke.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walimpakia Kemigisha kwenye gari la kukodi wakampeleka Kanoni, Karagwe, kwa shangazi yake. Kanoni ni mbali na Nyamiyaga. Kule migomba ni minene, watu walivaa viatu viwili, na kahawa ya shangazi ilipopasuliwa ilitoa punje mbili safi. Kemigisha alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Jioni alisikia mateke mawili, moja kushoto na moja kulia, na akalala.

Asubuhi ya siku ya tano shangazi alitoka kukata majani ya kufunikia ndizi, akakuta katikati ya kibanja jiwe la saruji lenye namba nyekundu kumi na tatu. Nyasi zilizolizunguka zilikuwa ndefu. Alipiga simu Nyakatuntu, akasema tu, "Kaka, limefika."

Jovitus na Agnetha walisafiri siku hiyohiyo. Hospitalini muuguzi Placidia, yuleyule aliyeandika kadi mwezi Aprili kabla ya kuhamishiwa upande huu, alimlaza Kemigisha, akampaka mafuta baridi tumboni, akatembeza kifaa kwa muda mrefu. Akarudia. Kisha akakizima.

"Ni mmoja, mdogo wangu. Anaendelea vizuri."

"Walikuwa wawili."

"Najua. Niliandika mimi."

"Ameenda wapi?"

Placidia alisema hilo haliko kwenye fomu. Alichukua kadi, akalikata neno "mapacha" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "mmoja", akatia saini ndogo kando kama inavyotakiwa mtu anapofanya marekebisho. Kemigisha alilia. Alilia kwa sauti, akiwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, na Agnetha akalia naye. Jovitus alisimama dirishani mgongo ukiwatazama, kwa sababu alijua mtoto yule alipotelea wapi. Alipotelea katika kiganja chake.

Kemigisha alijifungua Septemba, Kanoni, mtoto wa kiume wa kilo mbili na nusu. Shangazi alimwosha, akamfunga, akauliza jina.

"Kato," alisema Kemigisha.

"Mwanangu, Kato huja baada ya Ishengoma."

"Ndiyo. Amekuja baada yake."

Mucyo alirudi kutoka malishoni na maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu, akambeba mwanawe, akamwita Kato, kisha akatazama kitandani upande wa pili kwa mazoea ya mtu aliyeahidiwa wawili. Mtoto alikuwa na afya. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: alinyonya titi la kushoto tu. Akipelekwa la kulia alifumba mdomo, akageuza uso, akatulia. Titi la kulia lilijaa na kudondosha kwa saa zake, na baada ya muda lilikuwa limepungua kana kwamba limenyonywa.

Wakarudi Nyakatuntu Oktoba, kwa kuwa mipaka ilikuwa imeshafika kote na kukimbia hakukuwa na maana tena. Ukuta wa mashariki ulikuwa umekamilika. Ulikuwa mrefu, laini, wa kijivu, bila tundu hata moja, na chini yake ulianzia mteremko unaokwenda kwa Rwegoshora, na kutoka kwa Rwegoshora unakuja kwa Jovitus. Mvua za vuli zilinyesha vizuri mwaka ule. Kilima kilikunywa. Kufikia wiki ya pili ya Novemba, senene walipoanza kuruka na watu kuweka mapipa ya kuwanasia, ukuta ulikuwa umevimba katikati kama shavu la mwenye jino bovu, na ukiweka sikio juu yake ulisikia maji yakijipanga.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Benjamin alikuja. Alivua viatu ngazini. Kiatu kilikuwa kimoja, na mguu wa pili ulikuwa na soksi tu, lakini alitembea kwa heshima ileile. Alitoa karatasi.

Ilikuwa ya awamu ya pili: huduma za kihandisi za dharura kwa ajili ya kunusuru ukuta wa ulinzi. Kwa kuwa Boriti Saba ndio walioujenga, na ndio wanaoujua, na jambo ni siri, na mvua haingoji, wangepewa wao bila kushindanishwa na mtu. Ilihitajika saini ya fundi anayelijua eneo. "Nathibitisha kwamba hakuna mtaalamu mwingine."

Jovitus alikuwa amebakiza miezi miwili. Aliisoma yote, safari hii bila haraka. Alimtafuta mwingine kichwani, akamkuta Nolasco, meza moja, uso kwa uso. Akapeleka mkono mfuko wa shati. Barua ilikuwamo, imelainika kwa jasho, na ilisema tupo wawili. Ilikuwa na saini moja.

"Nisiposaini?"

"Basi ukuta utabaki ulivyo, Mzee wangu," alisema Benjamin kwa huzuni. "Na chini ya ukuta ni kwako."

Ndani ya nyumba Kato alipiga chafya. Jovitus alisaini. Mara hii karatasi haikuwa na uongo ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma.

"Utaweka matundu?"

"Nakuahidi. Na Mzee wangu, lile jambo letu la kahawa sijalisahau. Nimelipeleka mpaka kwenye bodi. Sera imerekebishwa. Mila za wenyeji sasa zinaruhusiwa." Alitabasamu kwa fahari. "Tena kuna mama pale Isingiro amenifundisha namna ya kufanya."

Agnetha alileta kikapu bila kuitwa. Benjamin alisimama kama inavyotakiwa, akapokea tunda moja kwa mikono miwili, akalipasua polepole kwa kucha ya dole gumba. Jovitus alinyoosha kiganja. Benjamin alitazama ndani ya ganda. Alilipindua, akaligonga kidogo, akatazama tena. Kisha akainua uso, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Samahani, Mzee wangu. Ni moja."

Akangoja kidogo, kwa adabu, aone kama kuna atakayesema neno. Hakuna aliyesema. Akaitia mdomoni.

Chumbani Kemigisha alimhamishia Kato titi la kulia, kama anavyomjaribisha kila asubuhi. Mtoto alifumba mdomo, akageuza uso upande wa kilima, akangoja mwenzake ashibe.